Sikio Linalovuma Lisipuuzwe
Hotuba ya mtoa huduma za afya ya masikio katika mkutano wa wakazi wa kata



Mwaka uliopita alinijia mzee mmoja msagaji wa nafaka, akilalamika kwamba nyenje ameingia sikioni mwake wala hataki kutoka. Nilimchungulia, sikio lilikuwa safi. Ndipo mkewe aliyemsindikiza akasema, "Siku hizi nikimwita kutoka jikoni haitiki. Nilidhani amenikasirikia." Malalamiko hayo mawili, la mume na la mke, yalikuwa na shina moja.

Ndani kabisa ya sikio mna kiungo kilichojiviringa mfano wa kombe la konokono. Humo binadamu huzaliwa na chembe hai zipatazo 15,000 katika kila sikio, zenye vinyweleo vidogo mno, zinazogeuza mtikisiko wa sauti kuwa ujumbe wa kupelekwa kwenye ubongo. Zikifa, hazioti tena. Ubongo unapokosa ujumbe uliouzoea, huongeza nguvu ya kusikiliza, kama mtu apandishaye sauti ya redio isiyoshika stesheni. Kinachosikika ni mvumo mtupu. Hivyo ndivyo wataalamu wengi wanavyoueleza mlio huo.

Kwa hiyo, mlio hausababishi uziwi. Aghalabu ni dalili kwamba usikivu umeanza kupungua. Hata hivyo, wapo wenye mlio ambao vipimo vya kawaida huwaonyesha wazima, na wapo viziwi wasiosikia mlio wowote. Sauti nyembamba ndizo hupotea kwanza, zikiwemo za herufi kama "s" na "f". Mtu husikia kwamba anasemeshwa, lakini maneno hayamfikii sawasawa. Naye huulaumu mlio, kumbe kinachomzuia ni usikivu uliopungua.

Ndugu zangu, chanzo kimoja tunacho mikononi mwetu, nacho ni kelele. Kelele ya desibeli 85 haifai kuvumiliwa zaidi ya saa 8 kwa siku. Ikifika 88, muda huo hupungua kuwa saa 4. Ikiwa inakulazimu kupaza sauti ili akusikie mtu aliye umbali wa mkono, basi kelele hiyo yaweza kudhuru. Wasagaji, wachomeleaji vyuma na vijana wa spika za sherehe, vaeni vizibo vya masikio na mpumzike mbali na kelele.

Chanzo kingine ni baadhi ya dawa. Waliowahi kutibiwa malaria kwa kwinini wanakumbuka masikio yalivyovuma; mvumo huo kwa kawaida huondoka dawa ikiisha. Lakini sindano za gentamisini au streptomaisini zaweza kuleta madhara ya kudumu. Mgonjwa asiiache dawa kwa uamuzi wake; akisikia mlio, amweleze mhudumu siku hiyo hiyo.

Wakati mwingine kisa ni nta tu. Msichokoe kwa njiti wala kutia mafuta ya moto. Anzeni zahanati au kituo cha afya, mchunguzwe, na ikibidi mpewe rufaa ya kwenda kupimwa usikivu. Anayepoteza usikivu ghafla, hata wa sikio moja, asingoje hata kesho. Anayesikia mlio upande mmoja tu, au unaokwenda na mapigo ya moyo, au ulioambatana na kizunguzungu, naye asikawie.

Hakuna kidonge kilichothibitishwa kuuondoa mlio huu. Lakini aliyepungukiwa usikivu akipata kifaa cha kumsaidia kusikia, sauti za nje hurudi, na wengi huusahau mlio kwa muda mrefu wa siku. Usiku, redio ya sauti ya chini husaidia kuliko kimya kitupu.

Mzee yule sasa anavaa kifaa hicho. Nyenje wake hajaondoka, lakini asema amehamia mbali. Na mkewe akiita, huitikiwa.

Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa. Hili linalovuma bado halijafa, linaomba msaada. Tulisikilize mapema.