MAZUNGUMZO YA AFYA: VIDONDA VYA HOMA MDOMONI, NA MSAFIRI ATOKAYE IFAKARA



Mtu akiamka na kikundi cha malengelenge madogo ukingoni mwa mdomo, na siku mbili tatu nyuma alikuwa akitetemeka kwa homa, watu wa nyumbani humwambia, "Homa imekutoka mdomoni." Neno hilo husikika Visiwani, na husikika vilevile Bara. Makusudio yake ni kumliwaza mgonjwa. Lakini wapo wanaolichukua kuwa ni cheti cha kupona, wakaahirisha kwenda kupimwa, na hapo ndipo liwazo hugeuka kuwa hatari.

Inafaa ifahamike kwanza vidonda hivi ni nini. Huletwa na kirusi kiitwacho herpesi simpleksi, aina ya 1. Watu wengi hukipata utotoni, kwa mate au kwa busu la jamaa, bila ya wao wenyewe kujua. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, watu bilioni 3.8 walio chini ya umri wa miaka 50 wanacho, yaani 64 katika kila 100. Kikishaingia mwilini hakitoki tena. Hujificha katika fundo la mishipa ya fahamu lililo ndani ya kichwa, upande wa sikio, kikalala humo miezi au miaka. Homa hukiamsha. Jua kali, uchovu, siku za hedhi na mfadhaiko navyo hukiamsha, kikateremka kwa njia ya mshipa hadi mdomoni. Kwa hivyo si homa inayotoka mdomoni. Kidonda kinatoa habari ya kwamba homa imepita humo mwilini, wala hakisemi homa hiyo ilikuwa ya nini au kama imekwisha.

Sasa na tulitazame bonde la Kilombero. Ifakara ni mji wa mpunga, mto na mbu. Ndiyo maana Profesa Rudolf Geigy kutoka Uswisi aliweka maabara yake hapo katika miaka ya 1950, maabara ambayo baada ya miaka mingi imekua kuwa Taasisi ya Afya Ifakara, na utafiti wa malaria na wa vyandarua uliofanywa bondeni humo umenufaisha nchi nyingi. Mkulima wa huko anayelinda mpunga wake kwenye dungu hupata jua la mchana, uchovu wa kazi na mbu wa usiku kwa pamoja. Si ajabu midomo yake ikatoka malengelenge.

Mtu wa Visiwani anayekwenda huko kwa biashara au kuwaona jamaa yuko katika hali mbaya zaidi kuliko mwenyeji. Unguja na Pemba maambukizo ya malaria yamekuwa machache mno kwa zaidi ya miaka 10, na mwili usiokutana na malaria hupoteza kinga yake. Vimelea huchukua kwa kawaida siku 7 hadi 14 baada ya kuumwa na mbu, na pengine zaidi, kabla ya homa kuanza. Basi msafiri hushuka bandarini Malindi akiwa mzima, akaugua akiwa kwake. Hunywa parasetamoli, homa ikapungua, mdomo ukatoka vipele, na jirani akampongeza. Siku ya pili homa hurejea, pengine ikiwa kali zaidi.

Kuvitambua vidonda vyenyewe si kazi ngumu. Mahali huanza kuwasha, kuchoma au kufa ganzi kwa saa chache au siku nzima kabla ya kitu kuonekana. Hufuata malengelenge yenye maji, yaliyosongamana, kwenye mpaka wa mdomo na ngozi. Yakipasuka hufanya gaga, na kwa kawaida hupona katika siku 7 hadi 14 bila ya kovu. Vidonda vyeupe vya ndani ya shavu, nyufa za pembe za mdomo na utandu mweupe juu ya ulimi ni maradhi mengine, na yana dawa nyingine.

Kwa tiba, mwili wenyewe hufanya sehemu kubwa. Kidonda kioshwe kwa maji na sabuni laini, kikauke, kisha kipakwe mafuta ya mgando yasiyo na harufu, kwa kidole kilichonawiwa, na kopo lisitumiwe na mtu mwingine. Vidonge vya asaikilovia husaidia vikianzwa wakati wa ule muwasho wa mwanzo. Vikichelewa, faida yake ni ndogo. Viuavijasumu haviui kirusi, na wanaovinunua dukani kwa ajili hiyo wanatupa fedha zao. Dawa ya meno, majivu na ndimu huunguza tu ngozi ambayo tayari imeumia.

Wako ambao kwao jambo hili si dogo. Mtoto mchanga asibusiwe kabisa na mwenye kidonda, hata akiwa bibi yake mzaa mama, kwani kirusi hiki chaweza kumwua. Jicho likiwa jekundu na kuuma, mgonjwa aende hospitali siku hiyohiyo. Mtoto mdogo aliyevimba ufizi na kukataa kunywa apelekwe kabla hajakaukiwa na maji. Kidonda kisichopona kwa zaidi ya mwezi humtaka mtu apime virusi vya UKIMWI, lakini kile kinachopona katika wiki mbili hakimtuhumu mtu yeyote kwa lolote, na maneno ya barazani juu ya mdomo wa mwanamke wa watu hayana msingi.

Ama msafiri aliyerejea kutoka Kilombero, au sehemu nyingine ya Bara yenye malaria, akapata homa, aende akapimwe damu siku hiyohiyo katika kituo cha afya cha Serikali kilicho karibu naye, mdomo uwe umetoka vipele au haukutoka. Amweleze mhudumu alikotoka, siku alizolala huko na tarehe aliyorejea.