SIMU DARASANI: TUIWEKE WAPI?
(Mazungumzo na wazazi, walimu na vijana wakimbizi, Naguru, Kampala)



Asanteni kwa kupanda kilima cha Naguru. Leo tunazungumza juu ya simu ya mkononi darasani na kazini.

Simu si adui wa mkimbizi. Ndiyo inayoleta habari za ndugu walio mbali, na ndiyo inayopokea pesa. Mwezi wa Januari 2025, vita vilipoingia mjini Goma, nani mwenye jamaa kule angekubali kuzima simu yake? Kwa hiyo hatuwaambii mziache simu. Tunasema ziwe na mahali pake.

Mshika mbili moja humponyoka. Katika ripoti yake ya mwaka 2023, UNESCO ilieleza kwamba mwanafunzi aliyekatizwa na simu anaweza kuhitaji hata dakika 20 kurudisha mawazo kwenye somo. Kipindi cha dakika 40 kikikatizwa mara mbili, kimekwisha. Ufaransa ilikataza simu kwa sheria mwaka 2018 katika shule za msingi na sekondari ya chini. Hapa Uganda shule nyingi za bweni haziruhusu mwanafunzi kuingia na simu. Kwa mtoto aliyesoma kwa Kifaransa na sasa anaanza Kiingereza, hasara ni kubwa zaidi. Na mama aliye kwenye cherehani ajue kwamba sindano haingoji.

Tunapendekeza haya:

1. Simu zizimwe sauti, ziandikwe majina, ziwekwe katika sanduku mezani kwa mwalimu.

2. Simu moja ya darasa ibaki wazi. Wapeni jamaa zenu namba yake kwa mambo ya dharura: ugonjwa, msiba, mtoto aliyepotea.

3. Wakati wa mapumziko kila mtu apewe simu yake.

4. Mwalimu na msimamizi wa kazi wafuate sheria hiyohiyo.

5. Simu ya mtu isipekuliwe, na irudishwe siku ileile. Ndani yake mna siri na usalama wake.

Wazazi, jambo linaloweza kungoja jioni, lingoje.

Vijana, mlipovuka mpaka, wengi wenu mliacha nyumba na mashamba. Mliyojifunza hamkuyaacha. Basi jifunzeni.