Mtoto Hachezi, Anachezwa

(Mada iliyotolewa mbele ya kamati za parokia, Kiranjeranje, wilaya ya Kilwa)



Tumepewa mada ya watoto wanaopambwa na kushindanishwa kwa uzuri wao, na nafasi ya wazazi katika jambo hilo. Marekani ni biashara kabisa: mtoto wa miaka mitano anapakwa rangi ya midomo, anabandikwa nywele, na mama analipa kiingilio ili waamuzi wampime. Ufaransa mwaka 2014 ilitunga sheria ya kukataza mashindano hayo kwa watoto wa chini ya miaka 13. Huku kwetu hatuna jukwaa la namna hiyo. Lakini tunao uwanja wa mwali, na tukiutazama vizuri tutawaona wazazi wale wale.

Unyago tunaujua sote, Waislamu kwa Wakristo. Hatukuja kuutukana. Ndani yake binti hufundishwa usafi wa mwili na heshima, na hupata somo, mwanamke wa kumwendea akiwa na jambo asiloweza kumwambia mama. Kinachotusumbua ni siku ya kutoka. Mwali anaogeshwa, anapakwa mafuta, anavikwa nguo mpya, pengine na miwani ya jua, anakalishwa chini ya mwavuli, na watu wanamtunza fedha huku ngoma ikilia (siku hizi na spika, tena usiku kucha). Nani anashindana hapo? Kiswahili chenyewe kimeshasema: mtoto hachezi, anachezwa. Wanaoshindana ni sisi wazazi: nani kachinja, nani kapika wali mtupu, sare ya khanga ya nani imependeza.

Fedha yenyewe ni ya ufuta. Unauzwa katikati ya mwaka, na likizo ya Juni iko hapo hapo. Ada ya sekondari za serikali hadi kidato cha nne ilifutwa mwaka 2016, lakini sare, madaftari na chakula cha mtoto anayesoma mbali na nyumbani havikufutwa. Januari ikifika, ufuta umekwisha kuliwa uwanjani.

Kubwa zaidi ni umri. Desturi ilikuwa binti avunje ungo kwanza. Sasa wapo wanaochezwa wangali wadogo mno, kwa sababu baba ana fedha mwaka huu na ya mwakani haijui, au dada mkubwa anachezwa, basi gharama iwe moja. Hesabu hiyo tunaielewa. Lakini mtoto yule anatangazwa mbele ya kijiji kizima kwamba amekua, na wapo wanaume wanaolisikia tangazo hilo kwa namna yao. Tangu 2016 Sheria ya Elimu inampa miaka 30 jela anayemwoa mwanafunzi au kumpa mimba. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ilithibitisha kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vinavyoruhusu binti kuolewa chini ya miaka 18 ni kinyume cha Katiba. Sheria inasema mtoto, uwanja unasema mtu mzima, na uwanja tumeuandaa sisi.

Tupige marufuku? Jirani zetu wa Masasi walishapita njia hii. Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Anglikana wa Masasi mwaka 1926, hakulifuta jando. Alilipokea ndani ya Kanisa na kubadili yasiyofaa. Kwa upande wa wasichana, padri hawezi kuingia unyagoni. Mwenye mlango ni kungwi, na bila yeye tutakuwa tunahubiri nje ya ua.

Kwa hiyo tunaomba akina mama wa kamati wawaendee makungwi kabla ufuta haujapimwa, si baada. Wazazi wa kitongoji kizima wakubaliane pamoja: hachezwi ambaye hajavunja ungo, na karamu iwe moja ya wote, khanga za bei moja. Mzazi akikataa peke yake, binti yake atachekwa kisimani kwamba hajachezwa, na mama anayeogopa hilo hakosei.

Nanyi wafadhili wetu, huwa mnapenda picha za shughuli. Za visima na madarasa tutawaletea. Ya mwali aliyepambwa msituombe. Watazamaji wake wanatosha.