Mtaji Usiguswe, Matunda Yaliwe

(Hotuba fupi kwa wajumbe wa kamati za parokia na wafadhili)



Ndugu zangu wapendwa, kikombe kikishawekwa wakfu hakirudi sokoni. Hilo tunalijua sote. Kwa jirani zetu Waislamu, neno hilohilo ni sheria ya mali. Shamba au nyumba ya wakfu haiuzwi, haitolewi zawadi wala hairithiwi. Mapato yake tu ndiyo hutumika, tena kwa kusudi alilolitaja mtoaji.

Naanza na kosa letu. Katika parokia niliyokuwa mweka hazina tulipewa fedha za kuwakopesha wajane. Mwaka wa kwanza marejesho yalikuwa mazuri. Kisha paa la kanisa likavuja, tukaazima humo. Baadaye tukaazima tena. Hakuna aliyeiba. Lakini mama mmoja muuza samaki alipokuja kuomba mkopo wake wa tatu, sanduku lilikuwa tupu. Akaenda kwa mkopeshaji wa mtaani, na mwisho akanyang'anywa cherehani. Hatukuwa na andiko lolote la kutuzuia.

Je, fedha taslimu zaweza kuwa wakfu? Wanazuoni wa Kiislamu walibishana. Katika karne ya 16, kwenye dola ya Uthmaniya, mufti Ebussuud aliruhusu, mwanazuoni Birgivi akapinga. Indonesia iliruhusu kwa Sheria Na. 41 ya mwaka 2004. Mtoaji hupitisha fedha kwenye taasisi ya fedha ya Kiislamu, naye hupewa hati. Mali ya wakfu haiwekwi rehani. Msimamizi hulipwa kutokana na faida halisi, isiyozidi asilimia 10 yake, mtaji haugusi.

Kwa kuwa riba ni haramu, mikopo midogo ya Kiislamu huenda kwa njia nyingine. Ipo karadha njema, ambayo mkopaji hurudisha alichochukua tu. Pia taasisi yaweza kununua cherehani na kumuuzia kwa awamu, kwa bei na faida waliyokubaliana mwanzoni. Akichelewa, bei haipandi.

Tusijidanganye: mtaji usio na riba hauongezeki wenyewe, na kupanda kwa bei huupunguza nguvu. Gharama za ofisi lazima zipate chanzo chake.

Sheria hiyo haitufungi sisi, lakini inatufundisha. Naziomba kamati zifanye mambo matatu: kusudi la mfuko liandikwe na kutiwa sahihi, mfuko uwe na akaunti yake peke yake, na gharama za uendeshaji ziwekewe kikomo. Nanyi wafadhili, semeni katika barua zenu kama mnatoa mtaji au matumizi. Msipoandika, paa likivuja litaandika lenyewe.