Vinywaji vya Harusi: Tuhesabu Watu Kabla ya Kuhesabu Kreti

Mazungumzo na wajumbe wa kamati za harusi, Nyashimo, Wilaya ya Busega



Tumeombwa kuzungumzia jambo la furaha, ambalo hata hivyo kila mwaka, pamba ikishauzwa na mpunga ukishavunwa, huziachia baadhi ya familia madeni. Jambo hilo ni ununuzi wa vinywaji vya harusi. Swali tunaloulizwa mara nyingi ni hili: "Ukumbi wetu ni wa watu 200, tununue kreti ngapi za bia?" Kwa heshima zote, tunajibu kwamba swali hilo limekuja mapema mno. Kabla ya kreti kuna watu, na watu hao hawanywi sawa.

Tukumbushane kwanza fedha hizi ni za nani. Fedha zilizo mikononi mwa kamati ni michango ya jirani aliyeuza gunia lake, ya mvuvi, ya mwalimu, ya kijana mwenye bodaboda. Kamati ni mtunzaji tu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na katika bajeti ya harusi hakuna fungu linalopotea bila habari kama la vinywaji. Ukumbi una bei moja, gauni lina bei moja, lakini vinywaji hununuliwa kwa kukisia, na mara nyingi anayekisia huogopa aibu ya vinywaji kuisha. Woga huo ndio unaoongeza kreti.

Orodha kabla ya bei

Tuchukue mfano mmoja na tuufuate hadi mwisho. Kamati imetoa kadi 130: kadi 70 za watu wawili na kadi 60 za mtu mmoja. Hao ni watu 200. Wapo pia wapishi, wapiga picha, mshereheshaji, vijana wa muziki na madereva, tuseme watu 20. Nao watakunywa, japo hawana kadi.

Sasa wajumbe waketi na orodha ya majina, wapitie jina moja moja, na kila jina liwekewe alama: bia, divai, au soda na maji. Kazi hii haichukui zaidi ya jioni moja, kwa kuwa kila mgeni anafahamika kwa mjumbe mmoja au zaidi. Hapa kwetu Busega wapo Wakristo ambao madhehebu yao hayaruhusu pombe, wapo Waislamu, wapo wajawazito, wapo walio kwenye matibabu, wapo madereva watakaowarudisha wengine nyumbani. Wapo pia ambao hawapendi pombe tu, wala hawadaiwi sababu. Tuseme orodha imetoa wanywaji wa bia 90, wanywaji wa divai 20, na wageni 90 wa soda na maji. Ukumbi uliodhaniwa kuwa wa wanywaji 200 umebaki na 110.

Kila mtu chupa ngapi?

Sherehe yetu ya mfano inaanza saa 1 usiku na kumalizika saa 6 usiku, yaani saa 5. Kwa mnywaji wa bia tunapendekeza chupa 3 za mililita 500: moja wakati wageni wanaketi na maharusi wanaingia, moja wakati wa chakula, na moja wakati wa keki, zawadi na muziki.

Atakayesema kwamba chupa 3 ni uchoyo, tunamwomba atazame kilichomo ndani. Chupa ya mililita 500 yenye kilevi cha asilimia 5 ina mililita 25 za kilevi chenyewe, na mwili wa mtu mzima huhitaji saa mbili hadi tatu kukiondoa. Kwa hiyo mgeni aliyekunywa chupa 3 kwa saa 5 bado ana kilevi mwilini anapoondoka. Kumwongezea chupa ya nne na ya tano si ukarimu zaidi.

Hesabu sasa inajiendesha. Wanywaji 90 mara chupa 3 ni chupa 270. Tukichukua kreti ya chupa 25, tunahitaji kreti 11. Kreti zote hazina idadi sawa ya chupa, hivyo hesabuni nafasi zilizomo katika zile mnazouziwa, kisha gawanyeni kwa idadi hiyo.

Chupa ya divai ya mililita 750 hutoa glasi 5 za mililita 150. Wanywaji 20 mara glasi 3 ni glasi 60, yaani chupa 12. Kama mnataka shampeni ya kugonganisha glasi, chupa moja ya mililita 750 hutosha watu 7 kwa glasi ya mililita 100. Inatosha kuiweka meza kuu.

Soda ndiyo husahauliwa, nayo ndiyo huisha mapema. Wageni 90 wasiokunywa pombe wapewe chupa 3 kila mmoja, sawa na chupa 270. Wanywaji 110 wawekewe chupa 1 kila mmoja, na watoa huduma 20 chupa 2 kila mmoja. Jumla ni chupa 420. Kwa kreti ya chupa 24, ni kreti 18. Watoto watakaokuja na wazazi wao waongezwe hapa. Maji yawe chupa 2 ndogo kwa kila mtu, wageni na watoa huduma, yaani chupa 440: katoni 19 za chupa 24, au katoni 37 za chupa 12. Msiyapunguze maji. Mgeni aliyekosa maji katika joto la ukumbi huikata kiu yake kwa bia.

Tofauti ya kukisia na kuhesabu

Kamati inayokisia husema: watu 200, bia 4 kila mmoja, chupa 800, kreti 32. Kamati iliyohesabu inanunua kreti 11 na kuweka kreti 1 ya akiba, jumla 12. Tuseme, kwa ajili ya hesabu tu, kreti moja ni shilingi 50,000. Ya kwanza itatumia shilingi 1,600,000; ya pili shilingi 600,000. Katikati ipo shilingi milioni moja, ambayo maharusi wangeweza kuanzia nayo maisha.

Mitego minne

Mtego wa kwanza ni ahadi. Mjomba ameahidi kreti 5, shangazi ameahidi 3, nanyi mmeziandika kana kwamba zimefika. Ahadi haijazi kreti. Wiki moja kabla ya sherehe, kilichopokelewa ndicho kihesabiwe. Kitakachokuja baadaye kiwe nyongeza.

Mtego wa pili ni kuponi. Kamati nyingi hugawa kuponi 3 za "kinywaji" kwa kila mgeni, zikiwa za rangi moja. Asiyekunywa pombe humpa jirani yake kuponi aliyobaki nayo, na ile hesabu ya chupa 270 inageuka kuwa ya chupa 400 kabla ya keki kukatwa. Chapisheni kuponi za rangi mbili: rangi moja ya pombe, nyingine ya soda na maji. Anayetaka kubadilisha ya pombe apewe soda aruhusiwe daima. Anayetaka kubadilisha ya soda apewe bia asubiri hadi wenye kuponi za bia wahudumiwe.

Mtego wa tatu ni pombe kali. Tumewasikia wajumbe wakisema kwamba chupa moja kubwa kwa kila meza itapunguza gharama ya bia. Chupa ya mililita 750 yenye kilevi cha asilimia 35 ina kilevi kinachozidi kile cha bia 10. Mkiweka chupa hiyo juu ya meza 10, mmeongeza sawa na bia zaidi ya 100, na hakuna anayejua nani amekunywa kiasi gani. Kama lazima iwepo, ikae kaunta na itolewe kwa kipimo.

Mtego wa nne ni chupa tupu. Kamati isiyo na chupa na kreti tupu za kubadilisha hutozwa dhamana, na dhamana hiyo mara nyingi haimo kwenye bajeti. Ulizeni mapema ni kiasi gani kwa chupa, kiasi gani kwa kreti, na itarejeshwa lini. Kisha teueni kijana mmoja mwaminifu ambaye kazi yake usiku ule ni kukusanya chupa tupu. Kila chupa inayobebwa kwenda nyumbani au kuvunjwa ni fedha ya wachangiaji.

Makubaliano na muuzaji

Kabla ya kulipa, kubalianeni kwa maandishi na muuzaji wa jumla kwamba kreti ambazo hazikufunguliwa zitarudishwa na fedha kurejeshwa. Maandishi yaonyeshe idadi, bei, dhamana, siku ya mwisho ya kurudisha na hali ambayo kreti ziwe nayo. Jambo la mwisho lina maana yake: chupa iliyolowekwa ndani ya barafu hadi lebo ikabanduka, muuzaji anaweza kuikataa. Kwa hiyo pozeni kwa awamu, kreti chache chache, na akiba ikae kavu na ikiwa imefungwa hadi mwekiti wa kamati ya vinywaji atoe ruhusa.

Daini risiti ya mashine ya kielektroniki yenye kiasi halisi mlicholipa. Siku ya kupokea mzigo, hesabuni pamoja na mleta mzigo, kagueni vizibo, tarehe ya mwisho ya matumizi na stempu ya kodi. Stempu hizo za kielektroniki zilianza kutumika kwenye bia, divai na pombe kali mwaka 2019, na mwenye simu janja anaweza kuzihakiki kwa programu ya Hakiki Stempu ya Mamlaka ya Mapato. Mtu akiwauzia pombe kali katika vifuko vya plastiki, yaani viroba, kataeni: vilipigwa marufuku nchini tangu Machi 2017.

Bidhaa ikiwa na kasoro, mrudieni muuzaji kwanza mkiwa na risiti. Akikataa, afisa biashara wa halmashauri yupo. Shirika la Viwango lipo kwa masuala ya ubora. Tume ya Ushindani ipo kwa masuala ya haki za mlaji. Pasipo risiti, malalamiko yenu ni maneno matupu.

Pombe ya kienyeji

Wazee wengine watapenda pombe ya mtama, nayo ina mahali pake. Ndoo ya lita 20 hutoa vikombe 40 vya nusu lita. Kumbukeni kwamba haina lebo ya kueleza ukali wake, na kwamba huharibika upesi. Ipikwe kwa ajili ya siku ile, katika vyombo safi vya chakula, kamwe si katika mapipa yaliyobeba dawa za pamba au kemikali nyingine. Anayekunywa hiyo apunguziwe bia katika orodha. Gongo ni jambo jingine kabisa. Imekatazwa na sheria, na inaweza kuwa na sumu ya kupofusha na kuua. Kamati ambayo bia imeiishia saa 5 usiku isishawishike kuitafuta.

Vinywaji vikiisha

Tunarudi kwenye ule woga wa mwanzo. Tumeona sherehe ambako bia iliisha, mshereheshaji akatangaza kwa upole kwamba soda na maji yapo, muziki ukaendelea, na wiki iliyofuata hakuna aliyeikumbuka habari ile. Tumeona pia maharusi ambao mwezi wa kwanza wa ndoa walikuwa wakipisha hodi mlangoni, kwa kuwa anayebisha alikuwa mdai wa vinywaji. Kati ya hayo mawili, aibu iko wapi?

Funga kaunta ya pombe saa moja kabla ya sherehe kwisha, na maji na chai viendelee. Barabara ya Mwanza hadi Musoma inapita hapa hapa Nyashimo, malori na mabasi hayalali, na wageni wetu wengi huondoka kwa bodaboda gizani. Madereva waandikwe katika orodha kwa alama ya soda, na walipwe vizuri ili wasione kwamba wamenyimwa. Walio chini ya miaka 18 wasipewe kuponi za pombe. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kuwauzia kileo, na hata katika sherehe isiyo na mauzo, busara ni ile ile.

Mkitoka hapa, msianze na duka. Anzeni na daftari na orodha ya majina. Mkishamaliza kuweka alama, jumla ya kreti itajitokeza yenyewe, na mtakaposimama mbele ya wachangiaji kusoma mapato na matumizi, mtakuwa na la kuwaonyesha.

Tunawatakia maharusi wote wa msimu huu ndoa za amani.