Maandalizi ya mgonjwa anayekwenda kupigwa picha hospitali: mfano wa Mkoa wa Singida



Mwaka 2021 Serikali ya Jamhuri ya Muungano ilipata mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa ili kukabiliana na athari za UVIKO-19. Sehemu ya fedha hizo ilinunua mashine za CT kwa ajili ya hospitali za rufaa za mikoa, na Singida ni miongoni mwa mikoa iliyofaidika. Lakini kuwapo kwa mashine ni jambo moja, na mgonjwa kuifikia akiwa tayari ni jambo jingine. Mtu aliyetoka Itigi au Mkalama kwa nauli ya kukopa, akafika amekwisha kunywa chai ilhali alitakiwa kukaa na njaa, huenda akaambiwa arudi siku nyingine. Hali yake haipishani na ya mkaazi wa Kojani avukaye maji kwenda kutafuta matibabu, na ndiyo sababu mfano wa Singida unatuhusu sisi wa Visiwani.

Kila kipimo kina masharti yake. Anayepimwa tumbo la juu kwa altrasaundi hutakiwa kutokula kwa muda wa saa sita hadi nane. Anayepimwa nyonga kwa mashine hiyo hiyo mara nyingi hutakiwa kinyume chake: anywe maji mengi na asiende haja ndogo, kwani kibofu kilichojaa husaidia viungo vionekane. Aliyepangiwa kipimo hiki cha pili katika mwezi wa Ramadhani amweleze mtoa miadi mapema, ili itafutwe saa au siku inayofaa.

Kipimo cha CT hutumia mionzi ya eksirei, na wakati mwingine mgonjwa hudungwa dawa ya kung'arisha picha. Dawa hiyo hutolewa mwilini kwa njia ya figo. Kwa hiyo mwenye maradhi ya figo, mwenye pumu, na aliyewahi kudhurika kwa dawa ya namna hiyo, yampasa aseme kabla ya sindano. Mwenye kisukari anayetumia metformini aulize daktari kama aisimamishe; asijiamulie mwenyewe. Dawa za shinikizo la damu kwa kawaida huendelea kumezwa kwa maji kidogo.

Mwanamke mwenye mimba, au anayedhani anayo, aliseme hilo hata kama hakuulizwa. Inafahamika kwamba wengi hufuatana na mama mkwe au shemeji, na haya huwafunga mdomo. Anayo haki ya kuomba azungumze na mhudumu faragha.

Kwa kipimo cha MRI, ambacho wagonjwa wa Singida huweza kukifuata katika Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, hakuna mionzi ya eksirei. Hatari yake ni sumaku yenye nguvu kubwa, isiyozimwa hata pale mashine inapokuwa haipigi picha. Sarafu iliyofungwa katika pindo la kanga, ufunguo, kipini cha pua, hirizi yenye kifuko cha bati, bangili za shaba wavaazo akina mama wa Kibarabaigi: vyote vivuliwe na kukabidhiwa jamaa nje ya chumba. Shaba haivutwi na sumaku, lakini huweza kupata moto na kuharibu picha. Mwenye kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo, mwenye chuma kilichowekwa mfupani, au aliyewahi kuingiwa na kipande cha chuma jichoni, asiingie kabla wataalamu hawajaamua. Mashine hugonga kwa kishindo, na mgonjwa hulala ndani ya mfano wa bomba kwa nusu saa au zaidi bila kutikisika. Anayeogopa mahali pembamba aseme mapema. Hupewa kengele mkononi ya kumwita mtaalamu.

Siku ya miadi mgonjwa achukue barua ya daktari, kadi ya bima kama anayo, orodha ya dawa anazotumia, na picha zake za zamani, ambazo wengi huziacha juu ya kabati. Mfanyakazi wa Serikali aombe ruhusa kwa mkuu wake kabla ya siku hiyo. Picha husomwa na daktari bingwa wa mionzi, na huenda majibu yasitoke siku ile ile. Basi kabla ya kuondoka mgonjwa aulize yatachukuliwa lini, na kama jamaa aliyeko mjini anaweza kuyapokea kwa niaba yake.