Nyumba Ndogo Inayokwisha
Maneno ya kikundi katika sherehe ya kutimiza miaka kumi, Buzwagi, Kahama



Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha siku ya leo. Miaka kumi si haba. Tulipokaa chini ya mwembe mara ya kwanza na sanduku letu la kufuli tatu, wapo waliosema hatutamaliza mwaka. Leo sanduku lipo, daftari lipo, na sisi tupo.

Wenzetu wameshasema juu ya ada za shule, mashine ya kusaga na biashara ya mpunga. Sisi tumepewa jambo la nyumba. Tutaanza na kosa, maana kosa hilo ndilo lililotufundisha.

Kosa letu

Mnakumbuka hali ilivyokuwa. Mgodi wa Buzwagi ulianza kuzalisha dhahabu mwaka 2009, na pesa ikaonekana Kahama. Kila aliyepata chochote aliweka msingi. Wala si msingi wa vyumba viwili, hapana. Ni wa vyumba vinne, sebule kubwa, korido, na nguzo za barazani.

Mwenzetu mmoja, ambaye ameturuhusu tuseme habari zake bila kumtaja jina, alikuja kuomba mkopo wa msingi wa namna hiyo. Mita 12 kwa mita 10. Hisa zake zilikuwa nzuri, wadhamini walikuwepo, tukampa. Hakuna hata mmoja wetu aliyemwuliza: mama, ramani iko wapi? Kuta zitakula tofali ngapi? Na paa, je?

Msingi ukala mkopo. Mgawo wa mwisho wa mwaka ukala kuta, zikafika usawa wa madirisha. Mwaka 2021 mgodi ukafungwa. Baba mwenye nyumba akakosa kibarua, akaenda kutafuta upande wa Geita. Kuta zikanyeshewa, majani yakaota sebuleni. Mwenzetu akaendelea kulipa kodi ya chumba kimoja yeye na watoto watatu, huku akirejesha mkopo wa nyumba asiyoilala. Alirejesha mpaka shilingi ya mwisho. Hakutudai hata samahani. Leo, mbele ya wageni, tunaitoa wenyewe: mama, utusamehe. Fedha tulikupa, shauri hatukukupa.

Tangu hapo tukaweka kanuni. Mkopo wa ujenzi hautoki mpaka kikundi kimeiona ramani, na ramani hiyo imehesabiwa mpaka bati la mwisho. Kupanga ni kuchagua, tumefundishwa hivyo tangu enzi za Mwalimu.

Ramani ya majivu

Sisi si wahandisi. Tulichofanya ni kwenda kwenye kiwanja chake siku ya Jumamosi na vigingi, kamba, futi kamba na debe la majivu. Tukachora nyumba chini, kwa ukubwa wake wenyewe, kisha tukaingia ndani yake. Tukatandika mkeka wa ukubwa wa kitanda cha tano kwa sita tuone kama mlango utafunguka. Mmoja akajifanya anapika, mwingine akapita na ndoo kichwani. Palipobana tukafuta na kuchora upya. Majivu hayana gharama, jamani. Ukuta ukishajengwa, kuufuta ni nyundo.

Baada ya kufuta mara nyingi tulibaki na nyumba ya mita 8 kwa upande wa mbele na mita 7 kwenda nyuma. Mpangilio wake ni huu.

Upande wa kulia ni vyumba viwili vya kulala, kimoja mbele na kimoja nyuma, kila kimoja kama mita 4 kwa mita 3 na nusu. Upande wa kushoto, mbele, ni sebule ya mita 4 kwa mita 4 na sentimita 60. Nyuma ya sebule ni jiko na bafu, vimepakana ukuta mmoja ili bomba lisitembee nyumba nzima. Jiko lina mlango wa uani, maana mkaa na kuni vitabaki nje bandani kama tulivyozoea.

Korido hatukuiweka. Hapo palikuwa na ubishi mkubwa, kwa kuwa watu wanasema nyumba bila korido haina heshima. Tukawaonyesha kwa majivu: korido ya mita 1 kwa mita 5 ni mita 5 za mraba, ambazo utazijengea, utazisakafia na kuziezeka, na hakuna anayelala humo. Milango ya vyumba inatokea sebuleni. Mlango wa bafu tumeuweka pembeni, viti visiutazame.

Wapo waliocheka wakasema ni banda la kuku. Hatukuwajibu. Tulitoa kalamu.

Hesabu ya kuta

Tofali la saruji la nchi 6, kwa kukadiria, huingia 10 katika mita moja ya mraba ya ukuta. Kuta za nyumba hii, za nje na za ndani, ukizipanga mstari mmoja zinafika mita 47 na kidogo. Ukizipandisha mita 3 unapata mita za mraba 142. Ukitoa milango na madirisha, zinabaki kama 124 au 125, yaani tofali kama 1,250, bila msingi na bila za kuvunjika. Sasa chukua nyumba ile ya 12 kwa 10. Mzunguko wake wa nje peke yake ni mita 44, sawa na mita za mraba 132 za ukuta kabla ya kutoa milango. Mnaona? Ganda lake tu linakaribia nyumba yetu nzima, na bado hujagawa chumba hata kimoja.

Umbo nalo lina bei. Nyumba ya 8 kwa 7 ina mita za mraba 56 na mzunguko wa mita 30. Ukiirefusha iwe 14 kwa 4, nafasi ni ile ile 56, ila mzunguko unakuwa mita 36. Mita 6 za ziada ukizipandisha mita 3 ni tofali 180 ambazo hazikukuongezea hata pa kuweka stuli. Kona za mapambo ni hivyo hivyo, na zaidi ya hapo zinaleta mikunjo kwenye paa, na mikunjo ndiyo inayovuja. Kwa hiyo tulichagua paa la mgongo mmoja, mteremko mbele na mteremko nyuma, basi.

Kumpima fundi nako tulijifunza. Nyumba ya 8 kwa 7 ikikaa sawa, kamba ya kona hadi kona ni mita 10 na sentimita 63, pande zote mbili. Zikitofautiana, msingi umepinda. Msimamishe fundi kabla hajamwaga zege.

Nyumba inayokua

Nyumba ndogo si lazima ibaki ndogo. Ukuta wa kushoto wa sebule una dirisha. Juu ya dirisha hilo tuliagiza linta yenye upana wa mlango. Siku Mungu akijalia, fundi atakata tofali za chini, dirisha litakuwa mlango, na nyumba itaongezwa mita 4 upande huo: chumba cha watoto wa kiume mbele, stoo nyuma. Paa litarefushwa tu, halitavunjwa.

Na hapa ndipo msingi wa zamani ulipotufaa. Nyumba ndogo ilikalishwa kwenye kona yake ya mbele, mkono wa kulia, ikatumia msingi wa pande mbili. Kuta za zamani zilibomolewa taratibu na tofali nzima zikasafishwa na kurudishwa kazini. Nane ukijumlisha nne ni kumi na mbili: chumba cha kesho tayari kina msingi wake wa mbele. Hasara haikufutika, lakini haikutupwa yote.

Ardhi, jua na maji

Kwa anayeanza upya, aitazame ardhi kwanza. Udongo mweusi wa mbuga hujaa ukinyeshewa na hupasuka kiangazi, na ukuta hupasuka nao. Ukiwa na hiari, jenga palipoinuka penye luseni, na chimba mpaka ardhi ngumu. Kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini, zile fupi ndizo zipokee jua la asubuhi na la jioni, chumba kitalalika. Shimo la choo likae chini ya mteremko, mbali na kisima angalau mita 30.

Paa lenyewe ni shamba la maji. Likizidi kuta kwa sentimita 60 kila upande, linakuwa mita za mraba 75. Mvua ya milimita 20 juu yake ni lita 1,500. Hata ukipoteza kidogo, unakinga lita 1,200, yaani ndoo 60 za lita 20. Gata zihesabiwe kwenye ramani, zisingoje baadaye. Baadaye haina mwenyewe.

Karatasi

Jambo la mwisho, na waume zetu mtuvumilie. Sheria za ardhi za mwaka 1999, Na. 4 na Na. 5, zinampa mwanamke haki ya kupata na kumiliki ardhi sawa na mwanamume. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza mmoja wa wanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Hatusemi haya kwa ugomvi. Tunasema majina yote mawili yaandikwe kiwanja kingali kitupu, wakati watu wanacheka pamoja, si siku ya msiba. Kibali cha ujenzi nacho kitafutwe kabla ya kigingi cha kwanza.

Ndugu Mgeni Rasmi, plasta ya nje bado. Dari bado. Rangi ndiyo kabisa. Lakini bati limefika mwisho, milango ipo, na baba amerudi msimu huu akakuta pa kufikia. Mwenzetu yupo hapa kati yetu, na ufunguo ameufunga kwenye pindo la kanga yake. Hatutamwomba asimame. Tunawaomba tu, kila atakayekuja mwakani kuomba mkopo wa kujenga, aje na karatasi, hata ya daftari la mtoto, iliyochorwa vyumba vyake. Akikosa karatasi, aje na debe la majivu. Sisi tutakuja na kamba.